Bi Kucha Apanda Ulingoni

Lifti ya jengo lile la maduka iliharibika mwisho wa mwezi, siku ambayo kila mwenye miguu alikuwa amekuja kununua kitu. Ngazi zilijaa. Wanaopanda wanasukumana na wanaoshuka, watoto wanalia, mama mmoja kabeba feni kichwani na hataki kumpisha mtu. Katikati ya zogo hilo alisimama msichana aliyevaa gauni la zambarau lililomkaa kiunoni kama lilishonwa akiwa ndani yake. Rasta zake, za rangi hiyohiyo, zilimfika mgongoni, na mkononi alibeba sanduku la vifaa vya kupamba kucha, zito kama jiwe la kusagia. Saluni ilikuwa ghorofa ya nne.

Mbele ya mlango wa lifti kijana wa ovaroli ya bluu alikuwa amelala kifudifudi, kichwa na mabega vimezama ndani ya shimo, miguu imebaki nje kama ya mtu aliyemezwa nusu.

"Kaka," msichana akaita, "huyo mgonjwa wako atapona leo, au tuchange sanda?"

"Inategemea," sauti ikajibu kutoka shimoni. "Wewe ni ndugu wa marehemu?"

"Mimi ni mwenye sanduku zito."

Kijana akajitoa taratibu. Alikuwa na grisi puani na tabasamu lililoanza upande mmoja wa mdomo kabla ya upande wa pili kupata habari. Akazitazama kucha za yule msichana, ndefu, nyekundu, zenye nukta za dhahabu.

"Na hizo ni zako, au umeazima kwa chui?"

"Sogea ujue."

Alisogea. Akafuta mikono, akalinyanyua sanduku begani, akatangulia ngazini huku akipiga kelele, "Pisheni, jamani, mzigo wa malkia!" Kufika ghorofa ya pili wakawa wameshajuana kazi. Kufika ya nne wameshapeana namba. Kesho yake lifti ilipona, lakini yule fundi aliendelea kutumia ngazi, maana ngazi ndizo zilizopita mlangoni mwa saluni.

Jengo zima lilimwita msichana Bi Kucha. Yule fundi alimwita Malkia, na simu haikutulia.

"Malkia."

"Nani huyo?"

"Mtumishi wako. Nauliza kama malkia amekula."

"Malkia hajala. Malkia ameinamia miguu ya watu tangu asubuhi."

"Basi nakuletea kitu."

"Usilete kitu, laazizi. Jilete mwenyewe."

Walipendana kwa raha. Kasoro aliyoiona Bi Kucha kwa mpenzi wake ilikuwa moja tu, nayo ni ukumbi wa gemu wa ghorofa ya juu kabisa. Kila mapumziko Fundi hupanda huko kucheza mieleka kwenye runinga na wenzake, na alikuwa bingwa wao. Bi Kucha aliwahi kukaa naye siku moja, akaona wanaume wazima wanapigiana makelele kwa sababu ya vikatuni walivyovitengeneza wenyewe, vinavyoangushana. Akapiga miayo, akashuka zake.

Siku aliyopanda tena alibeba chakula. Alitaka kumshtua mpenzi wake kwa mapenzi. Alivaa blauzi nyeupe ya mikono mipana, akajipulizia marashi shingoni, akapanda akiwa anaimba chini kwa chini.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kwenye runinga kubwa ya ukutani, jitu lenye kifua kama mlango lilikuwa limemshika mwanamke kwa nywele. Rasta za zambarau. Kidoti chini ya mdomo, upande wa kushoto, kama cha Bi Kucha mwenyewe. Kucha nyekundu ndefu. Mwili wake ulifunikwa na viraka viwili ambavyo hata kufutia miwani visingetosha. Jitu likamnyanyua, likamzungusha, likambwaga chini, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mhurumie shemeji yetu!" mmoja akapaza sauti.

"Leo kucha zinakatwa bila mkasi!" akajibu aliyeshika padi ya kuchezea gemu. Huyo alikuwa rafiki wa karibu wa Fundi, muuza makava ya simu aliyejulikana kwa jina la Kava.

Na Fundi alikuwepo. Alikaa benchi la nyuma, soda mkononi. Alikuwa anacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini meno yalikuwa nje na mabega yanatikisika kama ya wenzake.

Alipomwona Bi Kucha mlangoni, kicheko kilimkauka usoni kabla hajaweza kukikunja. Bi Kucha aliweka bakuli la chakula chini, taratibu, kana kwamba anaweka kitu kinachoweza kuvunjika. Akashuka ngazi bila kukimbia.

Simu iliita kabla hajafika saluni.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Swali moja. Yule mwanamke wa kwenye runinga, nani alimtengeneza?"

"Njoo kwanza tuongee."

"Nauliza nani."

"Mimi. Lakini siyo..."

Akakata. Akaifungia ile namba isimpate tena. Fundi alipokuja mwenyewe, ovaroli mkononi, jasho usoni, alimkuta ameshika mkono wa mteja. Hakuinua macho.

"Hapa hatuhudumii wanaume," alisema. "Funga mlango ukitoka."

Kama mambo yangeishia hapo, labda angelia akanyamaza. Lakini mtu alikuwa ameirekodi ile mieleka, na video ikazunguka jengo zima kwenye simu. Muuza viatu wa chini akawa kila akimwona anainua mikono kama refa. Mteja wake wa siku nyingi, mwalimu wa shule, alimkazia macho, akasema, "Samahani, dada, si wewe ndiye yule..." kisha akajiziba mdomo. Bi Kucha aliendelea kumpaka rangi, na brashi haikutetemeka hata kidogo. Alipofika nyumbani kwa dada yake, alikokuwa akiishi, alisimama kwenye sinki la vyombo akalia mpaka povu likaisha.

"Mwanamume ni huyo peke yake duniani?" dada mtu akamuuliza. "Achana naye."

"Nimeshaachana naye. Sasa nataka kumpiga."

"Kumpiga na nini, mdogo wangu?"

"Na kilekile. Mbele ya walewale."

Kwenye kochi la sebuleni alilala shemeji yake, dereva wa lori aliyeteleza kutoka juu ya tela akavunjika mguu. Plasta ilimfika pajani, na tangu avunjike alikuwa hana kazi ila kucheza gemu na kumkera mkewe. Aliposikia hayo, akazima sauti ya runinga.

"Shemeji, nimesikia vibaya, au umesema mieleka?"

"Umesikia vizuri."

"Ile yenye ulingo, refa na kamba?"

"Hiyohiyo. Mwisho wa mwezi pale ukumbini kuna mashindano. Nataka niingie."

Shemeji akamtazama kuanzia kichwani hadi vidoleni. Macho yakakwama vidoleni.

"Na hayo mapanga utabonyezaje?"

Bi Kucha akainuka, akachukua mkasi kwenye sanduku lake, akarudi akaketi chini kando ya kochi. Akazikata zote kumi. Dada yake alishika kichwa, maana zile kucha ndizo zilizokuwa tangazo la biashara.

"Sasa nifundishe," akasema.

Kuanzia hapo, kila jioni akitoka kazini alikuwa mwanafunzi. Shemeji aliiweka mashine kwenye kiwango kigumu kuliko vyote, akamchagulia msichana wa watu mpinzani mkubwa kama kontena, akamwacha apigwe. Alipigwa. Alipigwa mpaka akatukana.

"Unajua kwa nini unapigwa?" Shemeji akamuuliza, anajikuna ndani ya plasta kwa kijiti. "Una hasira, unabonyeza kila kitu. Mtu mwenye nguvu hupigani na nguvu zake, unapigana na pumzi yake. Unauona ule mstari chini ya jina lake? Ndiyo pumzi. Kila akirusha ngumi ikakosa, unapungua. Sasa wewe kazi yako ni moja. Mfanye akose."

"Nimkimbie?"

"Usikimbie. Mkwepe. Anayekimbia anachoka yeye."

Siku nyingine somo likawa jingine. "Chagua kiungo kimoja. Wewe leo umempiga kichwa, tumbo, mkono, mgongo, kama daktari anayetafuta ugonjwa. Chagua goti. Mpige goti, mpige tena goti, akilala mkanyage goti. Jitu lenye goti bovu halimbebi mtu."

Kilichomtesa zaidi ni kuligeuza pigo la mpinzani. Alama ndogo hung'aa juu ya kichwa, na ukibonyeza wakati huohuo, pigo lake linamrudia mwenyewe. Bi Kucha alikuwa anawahi kila mara.

"Subiri alama! Unabonyeza kwa woga."

"Naiona inakuja, shemeji!"

"Kuja siyo kufika. Mkwe akiwa njiani hufungui mlango, unafungua akibisha."

Dada yake akacheka jikoni. Bi Kucha hakucheka. Kila akifumba macho aliyaona yale meno ya Fundi yako nje. Akabonyeza tena, na tena, hadi vidole vikajua vyenyewe.

"Na lile pigo la kumalizia," Shemeji alimwambia jioni ya mwisho, "usilitoe likiwa tayari. Wote wanakosea hapo. Likiwa tayari wanalirusha haraka, mpinzani ananyanyuka, wao hawana kitu. Wewe likalie. Mtu akishindwa hata kusimama, ndipo umpe."

"Nitampa," akasema, kwa sauti iliyomfanya Shemeji amtazame mara mbili.

Siku ya mashindano, Jumamosi mchana, ukumbi ulifurika hadi ngazini. Bi Kucha aliingia na suruali nyeusi, shati jekundu limekunjwa mikono, nywele zimefungwa juu kama mtu anayekwenda kufua. Miluzi ikapigwa. Kava akajishika tumbo kwa kucheka.

"Shemeji umekuja kutuletea maji?"

"Nimekuja kucheza," akajibu, "na mimi si shemeji wa mtu humu ndani."

Mwenye ukumbi, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akamuuliza anamchagua nani. Bi Kucha akapitisha picha za wanamieleka wote, akawaacha majitu na mabingwa, akasimama kwa yule wa rasta za zambarau na viraka viwili.

"Mwanangu, una hakika?" mama akamnong'oneza. "Huyo kapunguzwa nguvu zote. Hawezi kuua hata mbu."

"Ndiye huyohuyo."

Wa kwanza alicheka hadi alipopigwa. Wa pili hakucheka. Wa tatu alikuwa yule muuza viatu, naye alipobanwa mabega chini na refa akahesabu tatu, aliondoka bila kuinua mikono. Kelele za ukumbi zikaanza kubadilika. Nyuma, karibu na dirisha, Fundi alisimama na shati safi la mikono mirefu, hazungumzi na mtu. Yeye alikuwa anashinda upande wake, kimyakimya.

Nusu fainali ikamleta Kava, na lile jitu lake lenye kifua kama mlango.

"Nitakuwa mpole," Kava akasema, anakaa kwa mbwembwe.

"Usiwe."

Jitu likaja kwa ngumi. Likakosa. Likaja tena, likakosa. Kava alipenda kuonekana, hivyo kila mara alilipandisha jitu juu ya kamba liruke kama ndege, na kila mara Bi Kucha alimsogeza mwanamke wake hatua mbili, jitu likajibamiza sakafuni lenyewe. Mstari wa pumzi ukaisha. Ndipo akaanza goti. Goti, goti, goti. Kava akaanza kutoa jasho na kulaumu padi.

"Badilisha padi kama unataka," Bi Kucha akamwambia bila kumtazama. "Goti ni lilelile."

Akaliburuta jitu nje ya ulingo. Refa akaanza kuhesabu kumi, na atakayebaki nje ikifika hiyo kumi ameshindwa. Kava akafikiri anataka wapigane kule chini, akarusha pigo lake la kumalizia kwa pupa. Alama ikang'aa. Bi Kucha akasubiri ibishe hodi, akabonyeza. Jitu likaanguka chali. Yeye akamrudisha mwanamke wake ulingoni, akamsimamisha katikati, mikono kiunoni, wakati jitu linatambaa kule chini na goti lake bovu, haliwezi kupanda kamba. Saba. Nane. Ukumbi ukahesabu pamoja na refa. Tisa. Kumi!

Alimgeukia Kava. Alisubiri kicheko cha watu kiishe vizuri, hakutaka kipotee hata kidogo.

"Irekodi na hii," akamwambia, "uwapelekee."

Fainali ilibaki baina yake na Fundi. Walikaa kwenye viti viwili vya plastiki, magoti karibu yanagusana. Fundi alinukia sabuni. Bi Kucha alijikaza asiigundue harufu hiyo, akashindwa.

"Habari yako," Fundi akasema chini kwa chini.

"Chagua mtu wako."

Fundi akachagua.

Kwenye runinga alitokea mwanamke mwingine wa rasta za zambarau. Kidoti palepale. Lakini huyu alivaa gauni refu lililomkaa kiunoni, na taji kichwani, na alitembea kuelekea ulingoni kama Bi Kucha anavyotembea akijua anatazamwa. Mistari yake ya nguvu, pumzi na wepesi ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Mwenye ukumbi akavaa miwani.

"Huyu sijawahi kumwona akipigana," akasema.

"Hajawahi kupigana," Fundi akajibu. "Nilimtengeneza asubuhi moja hapa hakuna watu. Sikutaka mtu amguse." Akamtazama Kava. "Wewe ulimkuta kwenye mashine. Ukamnakili, ukamvua nguo, ukampunguza nguvu. Sema."

Kava akaangalia viatu vyake. "Ilikuwa utani tu, kaka."

Bi Kucha alihisi kitu kinateleza ndani yake, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kwa hiyo huyu wa taji ndiye aliyetengenezwa na Fundi, na yule wa viraka hakuwa kazi yake. Hakuuliza. Moyoni alimsikiliza Fundi yule wa benchi la nyuma, soda mkononi, na yule bado alikuwa anacheka.

"Anza," akasema.

Malkia alikuwa mgumu ajabu. Ukimpiga goti anasimama, ukimkwepa hachoki. Lakini baada ya muda Bi Kucha akaona jambo, Fundi anakwepa tu, hapigi. Alikuwa anamletea ushindi kwenye sahani. Bi Kucha akaweka padi mapajani, katikati ya mchezo.

"Unaniachia?"

"Nilitaka umwone tu, mpenzi."

"Nimemwona. Sasa pigana. Ukiniachia leo, sitasema nawe mpaka naingia kaburini."

Fundi akakunja mikono ya shati. Akapigana.

Ndipo watu walipojua kwa nini alikuwa bingwa. Malkia alimnyanyua yule dhaifu kama nguo ya kuanikwa, akambwaga, akambana. Moja, mbili, akajinasua. Tena. Moja, mbili, akajinasua kwa ncha ya kidole. Bi Kucha hakubonyeza kwa woga. Alikubali kupigwa na akamwacha Malkia apige, akahesabu pumzi yake ikishuka unywele kwa unywele. Pigo lake la kumalizia lilikuwa tayari zamani. Watu walimpigia kelele alitoe. Akalikalia.

Malkia akaja kwa ngumi iliyochelewa kidogo. Alama ikang'aa. Akaigeuza. Goti. Malkia akasimama kwa shida. Goti tena, na hapo Bi Kucha akasikia uchungu wa ajabu, kana kwamba anajipiga mwenyewe, lakini vidole havikusita. Malkia akajaribu kuinuka, mguu ukamkatalia. Akapiga magoti katikati ya ulingo na taji lake.

Akampa.

Moja. Mbili. Tatu!

Ukumbi ulilipuka. Yule wa viraka viwili, asiyeweza kuua mbu, alisimama juu ya kamba na mikono hewani. Bi Kucha akamwambia Kava amfute kwenye mashine hapohapo, watu wote wakiona, na Kava akamfuta. Kisha akamgeukia Fundi.

"Wewe hukumvua nguo," akasema. "Nimeelewa. Lakini ulicheka."

"Nilicheka," Fundi akasema kwa sauti ya kusikika hadi ngazini. "Nisamehe. Nilikukosea mbele ya hawa, na mbele yao nakuomba radhi."

"Ulicheka kwa nini?"

Fundi akaigeuzageuza padi mikononi.

"Ukilipata jibu," Bi Kucha akasema, "unajua ninapoishi."

Akashuka ngazi, watu wanampisha. Kisasi kilikuwa kitamu, alikilamba siku nzima na kesho yake. Muuza viatu sasa alimwamkia kwa adabu, wateja wakawa wanakuja hata wasiokuwa na kucha za kupaka. Lakini kila simu ilipoita aliruka, na kila ilipokuwa si Fundi alichukia. Namba yenyewe alishaifungulia bila kumwambia mtu. Alikuwa amemshinda yule mwanamume mbele ya jengo zima, na bado anampenda, na hilo lilimuudhi kuliko ile video.

Fundi alikuja Jumapili mchana. Dada alimfungulia mlango bila kumkaribisha ndani zaidi. Alibaki amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi hadi kola, mikono hajui aiweke wapi. Shemeji alikuwa kochini na mguu wake, ametulia kama mtu aliyelipa kiingilio. Bi Kucha alikuwa mezani anakunywa chai. Aliendelea kunywa.

"Nimepata jibu," Fundi akasema.

"Tunasikia."

"Niliogopa." Alivuta pumzi. "Nilipoona Kava ameanza kumpiga, nilitaka kuinuka nimnyang'anye padi. Nikajua wakishajua nilimtengeneza kwa mapenzi, nikamvika taji, watanicheka mimi. Nikaona bora wakucheke wewe. Nikacheka nao."

Dada mtu akaguna. Shemeji akatazama dari.

"Ni jibu baya," Bi Kucha akasema.

"Najua. Ningekuwa nalo zuri ningekuletea zuri."

Akamtazama kwa muda mrefu kupitia mvuke wa kikombe. Angeweza kumfukuza. Alijipima, akaona hasira ipo, lakini imebaki kidogo, ya kumtia mtu adabu tu. Uongo angeusikia. Huu haukuwa uongo, na mwanamume aliyekuja kujivua nguo mbele ya shemeji na dada hakuwa tena yule wa benchi la nyuma.

"Wakicheka tena, utafanya nini?"

"Nitainuka. Na leo nimekuja mbele ya wakubwa wako kwa sababu hiyo. Nataka kukuoa. Wacheke watakaocheka."

Bi Kucha akanywa chai yake hadi mwisho, polepole, akajimiminia nyingine, akaikoroga, akaionja, akaongeza sukari. Fundi jasho lilimtoka akiwa palepale mlangoni. Shemeji akashindwa kuvumilia, akakohoa.

"Shemeji, mwenzio anayeyuka."

"Acha ayeyuke kidogo."

Akakoroga tena. Kisha, kwa mguu wake chini ya meza, akakisukuma kiti cha upande wa pili kikatoka nje.

"Posa haisemwi kwa kusimama," akasema. "Kaa."